Chema chajiuza kwa anayekiona: jibu kwa mama mwenye karakana Kamalondo

Swali lililonifikia ni hili: "Nina karakana ya kushona mavazi ya kazi katika komini ya Kamalondo, hapa Lubumbashi. Tuko katika mwaka wa nne, tu watu kumi na mmoja, na wateja wetu wengi ni kampuni ndogo zinazofanya kazi kwa ajili ya migodi. Tangu mwaka jana ninamlipa kijana mmoja dola 150 kwa mwezi atuandikie kwenye Facebook, Instagram, TikTok na LinkedIn. Anaweka kitu kila siku: salamu za asubuhi, maneno ya hekima, picha za sikukuu. Wafuasi wameongezeka, lakini sijaona hata oda moja iliyotoka huko. Sasa ananishauri ninunue wafuasi 10,000. Mume wangu anasema niache yote, maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi mwenyewe sipendi kujionyesha. Je, mwanzilishi wa kampuni kama yangu apange vipi mambo anayoyaweka mitandaoni?"

Mama, naanza na methali aliyokupa baba wa nyumbani, kwa sababu swali lako lote limo ndani yake. Chema chajiuza, ndiyo, lakini hujiuza kwa anayekiona. Ovaroli iliyoshonwa vizuri hujiuza kwa fundi anayeivaa, kwa mwenzake wa zamu, na kwa msimamizi anayeona kwamba mshono wa gotini haujafumuka baada ya miezi sita ya kupiga magoti juu ya mawe. Haiwezi kujiuza kwa mkuu wa manunuzi aliyeko Kolwezi, kilomita zipatazo 300 kutoka kwenye cherehani zako, ambaye hajawahi kukanyaga Kamalondo na ambaye leo asubuhi ameletewa bei za wazabuni watatu asiowajua. Huyo hana vazi lako mkononi. Ana simu, na kwenye simu hiyo ataandika jina la kampuni yako, pengine hata jina lako wewe, kabla ya kuamua nani aitwe alete sampuli.

Nilikaa miaka minane upande huo wa meza, katika ofisi ya manunuzi ya kampuni moja inayohudumia migodi, kabla sijaanza kazi ya kuwashauri waanzilishi wa biashara. Nakumbuka mchana mmoja ambapo bei tatu za ovaroli 200 zilikuwa mbele yangu, zikitofautiana kwa dola moja au mbili kwa vazi. Nilimtafuta mzabuni wa kwanza mtandaoni, nikakuta ukurasa ambao haujaguswa kwa zaidi ya miaka miwili, na namba ya simu iliyoandikwa hapo haikupatikana tena. Wa pili alikuwa na ukurasa uliojaa maua, salamu za mwaka mpya na maneno ya kutia moyo. Watu wengi walikuwa wameupenda, lakini sikuweza kujua kama anashona mwenyewe au anauza nguo zilizoletwa kutoka ng'ambo. Wa tatu hakuwa na mengi. Alikuwa na machapisho yapatayo kumi na tano, na katika mojawapo kulikuwa na picha ya mkono umeshika rula juu ya mkanda wa kuakisi mwanga, na sentensi nne zikieleza kwa nini upana huo ndio unaotakiwa. Nilimpigia simu huyo wa tatu, ingawa bei yake haikuwa ya chini kuliko zote.

Sababu ya kumchagua haikuwa kwamba alinifurahisha. Mnunuzi wa kampuni hanunui kwa fedha yake. Hununua kwa fedha ya kampuni na kwa jina lake mwenyewe. Nguo zikipasuka baada ya miezi miwili, yeye ndiye atakayeitwa aeleze kwa nini alimleta mtu yule. Kwa hiyo anapokutafuta mtandaoni anatafuta hoja, yaani maneno atakayoweza kuyasema mbele ya mkubwa wake: hawa wanashona wenyewe, wanajua vipimo, mwenye kampuni anajulikana, anwani yao ipo. Mzabuni wa tatu alinipa maneno hayo kabla sijazungumza naye. Hili ndilo ninalokuomba ulishike kuliko yote nitakayoandika hapa chini: kila unachokiweka mtandaoni kimpe mnunuzi hoja ya kukutetea ofisini kwake. Salamu ya asubuhi haimpi hoja hiyo, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Ndiyo maana wafuasi wa kununua wasikuguse kabisa. Akaunti hizo huwa za uongo au za watu wa mbali wasiojua hata umeandika nini, na mitandao yenyewe inakataza biashara hiyo. Madhara yake hayaishii kwenye zile dola utakazopoteza. Mtandao unapoamua ni watu gani waonyeshwe chapisho lako, huangalia jinsi wa kwanza walivyolipokea. Ukiwa na wafuasi 10,000 ambao hawasomi, hawajibu na hawabonyezi chochote, unaufundisha mtandao kwamba maneno yako hayana maana, na wale wanunuzi arobaini wa kweli waliokufuata nao hawatayaona. Zaidi ya hayo, mnunuzi makini akiona wafuasi 10,000 na mtu mmoja tu anayejibu, anaelewa mara moja. Kazi yake ya kila siku ni kutambua bei za uongo, basi na sifa za uongo anazitambua.

Sasa tupange, na mpango uanze na watu, usianze na mitandao. Kwa kampuni kama yako kuna macho ya aina mbili yenye uzito mkubwa. Ya kwanza ni ya mnunuzi niliyekwisha kumweleza. Ya pili ni ya afisa wa usalama kazini, ambaye waanzilishi wengi humsahau. Mara nyingi yeye ndiye anayeandika masharti ambayo mnunuzi anayafuata: kitambaa cha uzito gani, rangi gani, mikanda mingapi, mikono mirefu au mifupi. Akikuamini, jina lako huingia katika mazungumzo hata kabla zabuni haijatangazwa. Na afisa wa usalama husoma. Yeye hutafuta mambo ya kuwaeleza wafanyakazi kwenye mkutano mfupi wa kabla ya zamu, kwa hiyo ukimpa jambo sahihi, fupi na lenye picha, atalituma kwa wenzake wa migodi mingine bila wewe kumwomba.

Upande wa mnunuzi kuna jambo moja la sheria linalokusaidia, na nashangaa kwamba halimo popote katika kurasa zako. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inatenga kazi za ukandarasi mdogo katika sekta binafsi kwa kampuni zenye mtaji ulio mikononi mwa Wakongo kwa sehemu kubwa, na mamlaka inayosimamia jambo hilo, ARSP, huandikisha kampuni hizo. Maana yake ni kwamba kampuni kubwa zinalazimika kutafuta watu kama wewe. Kama karakana yako imeandikishwa, basi namba yako ya RCCM, yaani ya daftari la biashara, uandikishwaji wako ARSP na sentensi moja ya kusema kwamba mtaji ni wa Wakongo viwe ni mambo ya kwanza anayoyaona mtu akifungua wasifu wako. Kama hujaandikishwa, anza na hilo kabla ya chapisho lolote, kwa sababu mtandao ukimleta mnunuzi mlangoni na karatasi hazipo, atarudi alikotoka na hatakuja mara ya pili.

Tuje kwenye mambo ya kuandika, ambako naona ndiko unakoogopa zaidi, na ndiko una utajiri mwingi kuliko unavyofikiri. Chukua daftari jipya. Kwa wiki mbili, kila mteja akikuuliza jambo, kwa simu au akiwa amesimama karakanani, liandike kwa maneno yake yeye. Kwa nini bei yenu iko juu kuliko ya sokoni? Kitambaa kitapungua kikifuliwa? Mikanda itaendelea kung'aa mpaka lini? Mnaweza kushona suruali za wanawake, au wavae za wanaume tu na kukunja? Nimewahi kufanya zoezi hili na mwanzilishi mmoja aliyeniambia hana la kusema. Mwisho wa wiki mbili daftari lake lilikuwa na maswali thelathini na saba. Kila swali ni chapisho moja. Ukiandika moja kwa wiki, hiyo ni kazi ya miezi minane na zaidi, na hakuna hata siku moja ambapo utakaa mbele ya simu ukijiuliza leo niweke nini.

Niruhusu nikuandikie moja zima, ili tusibaki hewani. Tuseme swali ni la mkanda wa kuakisi mwanga:

"Mwezi huu mteja alituuliza kwa nini tunakataa kushona mkanda wa milimita 30 kwenye ovaroli, ingawa bei yake ni nafuu. Tunakataa kwa sababu kiwango cha kimataifa cha mavazi yanayoonekana kwa mbali, EN ISO 20471, kinataka mkanda wa ovaroli usipungue milimita 50. Dereva wa lori anayerudi nyuma usiku, katikati ya vumbi, anapaswa kumwona mtu kabla hajamkaribia. Katika picha hii mkanda wa kushoto ni wa milimita 30 na wa kulia ni wa 50. Tumeimulika yote miwili kwa tochi ileile na kwa umbali uleule wa hatua ishirini. Ukitaka kukagua mavazi ya kikosi chako kesho asubuhi, unahitaji rula tu."

Tazama jinsi lilivyojengwa. Linaanza na swali la mtu wa kweli. Lina namba moja inayoweza kuhakikiwa na picha moja iliyopigwa karakanani, si iliyookotwa mtandaoni. Linampa msomaji kitu cha kufanya hata kama hatanunua kwako kamwe. Halisemi popote kwamba ninyi ni bora. Mnunuzi atalisema mwenyewe, na neno la kujisemea humkaa mtu moyoni kuliko la kuambiwa. Afisa wa usalama akilisoma, kesho ana rula mkononi mbele ya watu wake, na jina lako limo katika maelezo yake.

Lakini hapa nina onyo, na ninalitilia mkazo. Kushona kwa kufuata vipimo vya kiwango si sawa na kuwa na vazi lenye cheti cha kiwango hicho. Cheti hutolewa baada ya vazi kupimwa na maabara inayotambuliwa. Kama mkanda unaoununua umekuja na cheti cha aliyeutengeneza, piga picha ya cheti hicho na useme wazi kwamba ni cha mkanda, si cha ovaroli nzima. Usiandike kamwe kwamba mavazi yako yana cheti ikiwa hayana. Katika mavazi ya usalama, neno la kujipamba linaweza kumfikia mtu aliye mbele ya tanuru la moto, na siku hiyo hakuna chapisho litakalokuokoa.

Maswali mengine uyatendee vivyo hivyo. Kuhusu wachomeleaji, eleza kwa nini humpi mchomeleaji kitambaa cha poliesta: cheche ikidondoka juu yake huyeyuka na kunata kwenye ngozi, wakati pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto haiyeyuki namna hiyo. Kuhusu kupungua, fua kipande cha kitambaa cha pamba chenye urefu wa mita moja, kipime kabla na baada, weka picha mbili na vipimo vyake. Kuhusu mikanda kufifia, onyesha lebo ya mtengenezaji inayotaja idadi ya mara za kufuliwa, kisha umweleze msomaji afanye hesabu ya miezi kulingana na anavyofua. Na hili la suruali za wanawake, mama, usiliache. Wanawake wako migodini, kwenye maabara, kwenye malori makubwa, na wengi bado wanavaa ovaroli iliyokatwa kwa mwili wa mwanaume, ndefu miguuni na yenye kubana nyongani. Wewe ni mwanamke mwenye karakana. Hakuna mzabuni atakayelieleza jambo hilo vizuri kuliko wewe.

Umesema hupendi kujionyesha, na sitakulazimisha. Huhitaji kucheza mbele ya kamera wala kuonyesha nyumba yako. Ila jina lako na uso wako viwepo mahali pamoja, kwenye wasifu, kwa sababu mtu humwamini mtu kabla ya kuiamini nembo. Kwa hiyo andika kwa jina lako, katika wasifu wako binafsi wa LinkedIn, na ukurasa wa kampuni uufuate nyuma. Kichwa cha wasifu kina nafasi ya herufi 220. Usiandike "mwanamke mwenye ndoto kubwa", andika unachofanya, kwa ajili ya nani na wapi: mwanzilishi wa karakana inayoshona mavazi ya kazi kwa wakandarasi wa migodi wa Haut-Katanga na Lualaba, oda kuanzia vipande hamsini. Katika picha za kila wiki, mikono inatosha. Piga picha ya mkono ukipitisha kitambaa chini ya sindano. Geuza ovaroli ndani nje na upige mgongo wa mshono wa gotini, pale uzi unapopita mara tatu. Fundi hodari hutambulika kwa upande wa ndani wa nguo, na mnunuzi mwenye uzoefu anajua hivyo. Piga asubuhi karibu na mlango, kwa mwanga wa jua, maana mwanga wa balbu hubadilisha rangi ya chungwa ya kitambaa na mteja atadhani umemletea nyingine.

Kuhusu lugha, LinkedIn iwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya masharti ya zabuni. Kama kuandika Kifaransa kunakuchosha, jirekodi kwa sauti, kwa Kiswahili chako cha Lubumbashi, ukijibu swali kama unavyomjibu mteja aliyesimama mbele yako, kisha kijana wako aliandike jibu hilo kwa Kifaransa. Programu za akili mnemba zinaweza kusaidia kusahihisha sarufi, lakini msiziachie kujaza habari, kwa sababu zitaandika mambo ya jumla ambayo hata muuza sabuni angeweza kuyatia sahihi. Pia migodi mingi ya Lualaba na Haut-Katanga iko mikononi mwa kampuni za Kichina. Karatasi moja yenye jedwali la vipimo na picha, kwa Kifaransa, Kiingereza na Kichina, iliyotafsiriwa na mtu anayejua kazi hiyo, itakufikisha mbali kuliko video kumi.

WhatsApp ni jambo jingine, na kwenu ndiko biashara inakofungwa. Hapo tumia Kiswahili bila woga. Fahamu tu jinsi inavyofanya kazi. Stetasi hudumu saa 24, na kwa kawaida huonekana na wale uliohifadhi namba zao na wao wakahifadhi yako. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi huchukua watu 256, na ujumbe huwafikia wale tu walioweka namba yako katika simu zao. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ndogo na haina fahari: kila oda unayokabidhi, mwombe aliyeipokea ahifadhi namba yako mbele yako, na wewe uhifadhi yake pamoja na jina la kampuni yake. Tumia WhatsApp Business ili uweke katalogi, saa za kazi na anwani. Kwenye stetasi onyesha kazi inayoendelea mara mbili au tatu kwa wiki: kitambaa kimefika, oda inakatwa, oda imefungwa. Picha ziwe nyepesi, maana mega zina bei na mtu hatazimaliza kwa ajili ya video yako ya dakika nne.

Facebook iache iwe kibao cha mlangoni: anwani, namba inayopokelewa, picha sita nzuri, na chapisho la mwezi. Instagram na TikTok zifunge kwa sasa. Najua inauma kufunga kitu ulichokilipia, lakini nimewahi kumshauri mwenye karakana ya samani afungue akaunti tano kwa pamoja, nikiamini kwamba kuwa kila mahali ni kuonekana na wote; baada ya miezi miwili zote tano zilikuwa kimya, na kosa lilikuwa la ushauri wangu, halikuwa lake. Akaunti iliyolala hunena vibaya kuliko akaunti isiyokuwepo, kwa maana anayeikuta hujiuliza kama biashara nayo imelala.

Tena usiweke mayai yako yote humo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa saa zipatazo sita duniani kote. Na sisi hapa Kongo tunakumbuka jinsi intaneti ilivyokatwa tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ikakaa karibu siku ishirini bila kurudi. Majina, namba za simu na anwani za barua pepe za wateja wako ziandikwe pia kwenye karatasi, na nakala ikae nyumbani.

Kalenda yako isifuate sikukuu, ifuate mahitaji ya wanunuzi. Mvua zetu huanza kushika mwezi wa Novemba. Anayehitaji makoti ya mvua anayatafuta kabla, basi maneno ya makoti yaandikwe Septemba na Oktoba. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu hufunika mikanda, na hapo ndipo pa kueleza namna ya kufua bila kuiharibu. Mwezi wa Juni maonyesho ya DRC Mining Week hufanyika hapa Lubumbashi, na wageni wengi hutafuta majina ya wazabuni wiki chache kabla ya kuja. Hata usiponunua meza ya maonyesho, Mei ndio mwezi wa kuwa na machapisho yako bora juu kabisa ya wasifu wako. Kwa mwendo wa kawaida, chagua saa moja ya Ijumaa wakati cherehani zinasafishwa, fungua daftari, chagua swali la wiki ijayo, angalia picha zilizopo, malizeni. Chapisho moja la LinkedIn kwa wiki kwa mwaka mzima linashinda moja la kila siku kwa mwezi mmoja.

Mipaka pia iwepo, na iandikwe. Usipige picha ndani ya eneo la mgodi bila ruhusa, hata kama mlinzi ni ndugu yako. Kampuni nyingi huhesabu jambo hilo kuwa kosa la kukuondolea mkataba. Nembo ya mteja kwenye ovaroli ifunikwe mpaka akubali kwa maandishi. Washonaji wako waulizwe kabla sura zao hazijatoka, na asiyetaka asisumbuliwe. Nchi yetu ina Kanuni ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda taarifa za watu binafsi, lakini hata bila sheria huo ni ustaarabu. Wala usitangaze siku ya kusafirisha oda kubwa wala kuonyesha fedha za malipo. Furaha ya kulipwa isherehekewe nyumbani.

Namna ya kupima ni rahisi kuliko kijana wako anavyokuambia. Katika daftari la oda ongeza safu moja yenye swali: ulitufahamu wapi? Kila anayepiga simu aulizwe, na jibu liandikwe hapohapo. Kila mwisho wa mwezi hesabu maombi ya bei, sampuli zilizoitishwa na oda zilizotiwa sahihi, na utazame ni ngapi zilitoka LinkedIn, ngapi WhatsApp, ngapi kwa mdomo wa mtu. LinkedIn pia hukuonyesha baadhi ya waliofungua wasifu wako. Ukiona mtu wa manunuzi au wa usalama, mwandikie kwa adabu, sentensi mbili, bila kumtupia bei. Usitarajie oda katika mwezi wa kwanza. Ununuzi wa kampuni huenda polepole, na mtu anaweza kukusoma kimya kwa miezi mitano bila kubonyeza chochote, kisha akakupigia siku mzabuni wake wa zamani anapochelewa. Nipe miezi sita ya daftari hilo kabla ya kuamua kama mpango huu unafaa, na kabla ya hapo usilipie tangazo lolote.

Limebaki suala la kijana. Usimfukuze, amefanya alichoombwa, na hakuna aliyemwambia mteja wako ni nani. Badilisha kazi yake. Badala ya kitu cha kila siku katika mitandao minne, mwombe aje karakanani nusu siku mara moja kwa wiki, apige picha, akusikilize ukijibu swali, aandike, akuletee usome, ndipo kitoke. Malipo mnaweza kuyazungumza upya, kwa kuwa kazi ni chache zaidi lakini inahitaji akili zaidi. Ila kabla ya mazungumzo hayo fungua kila akaunti na utazame imefunguliwa kwa barua pepe ya nani na kwa namba ya nani. Mara nyingi nimekuta ni ya aliyeajiriwa, na siku anapohama, ukurasa wa kampuni huondoka naye. Barua pepe ya kurejesha akaunti iwe yako, namba iwe yako, neno la siri liwe katika bahasha nyumbani kwako, na yeye apewe nafasi ya mhariri tu. Lifanye hilo wiki hii, kabla ya malipo ya mwisho wa mwezi, wakati bado mnaelewana.